Bamba la Kuchapia Lililo Ndani ya Pakiti ya Maziwa

Matini ya mhadhara kwa wazazi, walimu na vijana wa kaunti kuhusu uchapaji wa picha kwa pakiti na maboksi yaliyofunguliwa



Mada ya leo ni pakiti tupu. Pakiti ya maziwa yale yanayokaa muda mrefu bila friji, au ya juisi, ikiisha hufinywa na kutupwa. Ni wachache wanaoikata na kuitazama kwa ndani. Anayefanya hivyo hukuta uso laini wa rangi ya fedha, unaong'aa. Uso huo unaweza kuchorwa kwa msumari, ukapakwa wino, ukabanwa juu ya karatasi na kutoa picha. Tena si picha moja, bali kadhaa zinazofanana. Kwa maneno mengine, kila nyumba inayonunua maziwa ya aina hiyo hutupa bamba la kuchapia bila kujua.

Jambo linalosisitizwa hapa ni moja. Sanaa ya uchapaji, ambayo kwa karne nyingi ilimhitaji mtu mwenye shaba na mashine nzito, sasa inaweza kuanza na kitu kilichomo kwenye pipa la taka. Kinachohitajika baada ya hapo ni mkono, jicho na subira.

Pakiti hizi ni za nini?

Wakazi waliokuwa shule za msingi miaka ya 1980 wanayakumbuka maziwa ya Nyayo. Mpango huo wa maziwa ya shule ulianzishwa mwaka 1979, chini ya Rais Daniel arap Moi, na maziwa yaliwafikia wanafunzi katika pakiti zenye pembe tatu tatu kila upande. Umbo hilo lilitoka Uswidi, ambako kampuni ya Tetra Pak ilianzishwa na Ruben Rausing katika mji wa Lund mwaka 1951. Ujanja wake ulikuwa rahisi. Karatasi hukunjwa kuwa bomba, ncha moja ikabanwa hivi na ncha ya pili ikabanwa kwa kukingama na ile ya kwanza. Ukifungua mishono yake, umbo lile la ajabu linarudi kuwa karatasi ya mstatili.

Pakiti za siku hizi zina umbo la tofali, ila siri ni ile ile: ni karatasi tambarare iliyokunjwa. Zile za maziwa yasiyohitaji friji zimetengenezwa kwa matabaka. Sehemu kubwa, kama robo tatu ya uzito wake, ni karatasi ngumu. Juu yake pana plastiki nyembamba na utando wa alumini uliopondwa mpaka ukawa mwembamba kuliko unywele. Plastiki huzuia maji yasipenye, na alumini huzuia mwanga na hewa ili maziwa yasiharibike.

Matabaka hayo ndiyo yanayoifanya pakiti kuwa taka sumbufu. Karatasi peke yake hurejelezwa kwa urahisi, lakini hapa ni lazima kwanza ibanduliwe kutoka kwenye plastiki na alumini. Matabaka hayo hayo ndiyo yanayoifanya iwe bamba zuri. Uso wake wa nje ya plastiki haunywi wino, ilhali karatasi iliyofichwa chini yake hunywa. Mchapaji anachofanya ni kuamua wino unywewe wapi na ukataliwe wapi.

Ufundi wa zamani, bamba jipya

Kuchora kwa sindano kwenye bamba si jambo geni. Wasanii wa Ulaya walikuwa wakikwaruza mabamba ya shaba tangu karne ya 15. Wino ulisukumwa ndani ya mikwaruzo, uso wa bamba ukapanguswa, kisha karatasi iliyoloweshwa ikawekwa juu na vyote viwili vikapitishwa kwenye mashine ya kubana. Mholanzi Rembrandt alichora kwa njia hiyo picha yake mashuhuri ya misalaba mitatu mwaka 1653.

Shaba ina sifa ya udumu, lakini hata yenyewe huchoka. Sindano inapokwaruza, huinua ukingo mdogo wa chuma pembeni mwa mstari. Ukingo huo hushika wino na kuupa mstari kivuli laini kama cha mahameli. Kila inapobanwa, ukingo hulala kidogo, na baada ya chapa chache ule ulaini hupotea. Kwa hiyo anayesema kwamba pakiti ya maziwa haifai kwa sababu inachoka haraka, hajaonyesha kasoro mpya. Aina hii ya uchapaji haikuwahi kutoa maelfu ya nakala. Pakiti iliyotunzwa hutoa chapa 10 hivi, na mwenye mkono mwepesi huongeza kadhaa.

Namna ya kufanya

Hatua ya kwanza ni kuifungua pakiti. Kata mshono wa nyuma kwa mkasi, inua masikio ya pembeni yaliyogandishwa, kisha kunjua kila mkunjo mpaka pakiti ilale tambarare. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni siku hiyo hiyo, kwa maana maziwa yakigandia ndani hunuka. Ikaushe, halafu iweke chini ya vitabu vizito usiku kucha.

Hatua ya pili ni kuchora. Upande wa kuchora ni ule wa fedha. Msumari uliochongoka au ncha ya bikari hutosha. Mkwaruzo mwepesi hutoa mstari mwembamba, na mkwaruzo mzito hutoa mstari mweusi zaidi. Anayetaka eneo zima liwe jeusi hulizungushia mstari kwa wembe, akikata utando wa juu tu bila kutoboa, kisha huubandua kama anayemenya ngozi ya nyanya iliyopitishwa kwenye maji moto. Karatasi inayobaki wazi itanywa wino mwingi. Kwa rangi ya kijivu, papo hapo msasa hufanya kazi: kusugua kidogo hutoa kijivu chepesi, na kusugua sana hutoa kijivu kizito. Panapotakiwa kuwa peupe, uso wa fedha huachwa kama ulivyo.

Ikumbukwe kwamba picha hugeuka. Kilicho kulia kwenye bamba kitatokea kushoto kwenye karatasi, na maandishi lazima yachorwe kinyumenyume. Wanafunzi wengi hujifunza hili baada ya kuchapa majina yao.

Hatua ya tatu ni wino. Wino wa maji hukauka upesi mno kabla kazi haijaisha, kwa hiyo hutumika wino mzito wa mafuta, ule wa wachapaji. Ukiwa mzito kupita kiasi, tone moja la mafuta ya kupikia huulegeza usije ukabandua utando. Kipande kidogo cha kadibodi hutumika kuusukuma wino ndani ya mikwaruzo, kila upande. Kisha bamba hupanguswa kwa kitambaa cha neti, kama kile cha mapazia, kwa mwendo wa duara. Mwisho hupitishwa kipande cha gazeti juu yake, kwa wepesi, ili sehemu nyeupe zing'ae tena. Hapa ndipo wanaoanza hukosea. Wakipangusa kidogo, picha yote huwa na ukungu. Wakipangusa kwa nguvu, huutoa wino hata ndani ya mistari.

Hatua ya nne ni karatasi. Karatasi nene, kama ya kuchorea, huloweshwa majini, kisha hukaushwa kwa taulo mpaka ibaki na unyevu bila kudondosha maji. Unyevu huilegeza ili iweze kuzama ndani ya mikwaruzo na kuuchota wino uliomo. Karatasi kavu haizami, na chapa yake hutoka imekatika katika.

Hatua ya tano ni kubana. Bamba hulazwa kifudifudi wala si hivyo tu. Wengine hulilaza likitazama juu na kuweka karatasi juu yake, kisha kitambaa kizito. Asiye na mashine husugua mgongo wa karatasi kwa mgongo wa kijiko, inchi kwa inchi, akiegemea kwa uzito wake wote. Njia hiyo ni ya jasho na chapa zake huwa hafifu kidogo, lakini inafanya kazi. Wachapaji wa nchi mbalimbali wametumia pia mashine ndogo ya mkono ya kutengenezea tambi, yenye vyuma viwili vinavyozunguka, kwa mabamba membamba. Na fundi wa jua kali anayejua kuchomelea anaweza kuunda mashine kamili: bomba mbili nzito za chuma, ubao wa chuma wa kupita katikati, skrubu mbili za kukazia na mpini wa kuzungusha.

Mikunjo si kasoro

Kuna jambo ambalo shaba haina na pakiti inalo, nalo ni kumbukumbu ya umbo. Hata ikilazwa chini ya vitabu kwa juma zima, mikunjo ya kiwandani haifutiki. Wino huikalia, na kwenye chapa hutokea kama mistari iliyonyooka inayokatiza picha. Wanaoanza huiona kama dosari, wakakata pande zote mpaka wabaki na mstatili mdogo usio na mkunjo.

Wachapaji wa majaribio hufanya kinyume. Huiacha pakiti na masikio yake yote, kisha huuliza umbo hilo linafanana na nini. Pakiti ya maziwa ikilazwa wima huweza kuonekana kama kanzu yenye mikono mifupi. Kasha la dawa ya meno likifunguliwa ni jengo refu lenye milango miwili. Sanduku dogo la majani ya chai ni nyumba yenye paa. Mkunjo uliokuwa dosari hugeuka kuwa pindo la nguo, ukuta, barabara au mstari wa upeo wa macho ziwani. Hapo msanii hachori juu ya pakiti tu, anazungumza nayo.

Maboksi makubwa ya dukani nayo yana namna yake. Hayana utando wa fedha, kwa hiyo hayafai kwa mikwaruzo midogo. Lakini ukibandua karatasi ya juu utakuta mawimbi yaliyopangwa kama mitaro ya shamba. Mawimbi hayo yakipakwa wino kwa rola na kubanwa, huchapa mistari sambamba: mvua, maji, mabati, matuta ya viazi. Mwingine hubandika juu ya kadibodi vitu vyenye miparuzo, kama vile uzi, majani makavu, gunia na mchanga, akavipaka gundi ili vishike na visinywe wino kupita kiasi, kisha akachapa.

Walioitumia kadibodi kwa uzito

Yawezekana mzazi akauliza: je, huu si umaskini uliorembwa kwa maneno? Watoto wa wengine wachore kwa shaba, na wetu wachore kwa takataka? Swali hilo ni la haki, na jibu lake linapatikana Cuba.

Belkis Ayón alizaliwa Havana mwaka 1967. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya Muungano wa Kisovieti kusambaratika, Cuba ilikumbwa na uhaba mkubwa wa mafuta, chakula na karibu kila bidhaa. Ayón alichapa kwa kadibodi. Alikata maumbo, akayabandika kwa gundi, akaongeza msasa na vitu vingine vyenye miparuzo, kisha akachapa kwa nyeusi, nyeupe na ngazi nyingi za kijivu. Kwa kuwa kila karatasi ina kikomo, aliunganisha kadhaa mpaka picha ikawa kubwa kama ukuta. Alisimulia hekaya ya Abakuá, chama cha siri cha wanaume kilichoanzishwa Cuba na watu waliotoka Afrika Magharibi. Katika hekaya hiyo, Sikán, binti aliyekwenda kuchota maji mtoni, alimnasa samaki mtakatifu ndani ya chombo chake, na kwa kuijua siri hiyo akauawa. Watu katika picha za Ayón wana macho lakini hawana vinywa. Alifariki mwaka 1999 akiwa na miaka 32, na kazi zake zimeonyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa duniani. Hakuna anayezitazama akasema ni za kadibodi tu.

Nchini Namibia, John Muafangejo, aliyefariki mwaka 1987, alipata sifa kwa kuchonga picha zake kwenye linoliamu, ambayo kwa asili ni zulia la kutandika sakafuni. Wachapaji waliomfuata jijini Windhoek wamefanya chapa za kadibodi kuwa sehemu ya sanaa ya nchi yao. Na karibu na nyumbani, Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakungoja turubai. Alitumia mbao nyepesi za ujenzi na rangi za mafuta zilizouzwa madukani. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima.

Hawa wote walichagua kilichokuwepo, wakakijua vizuri kuliko mtu mwingine yeyote, na kukifanyisha kazi ambayo kingine kisingeweza. Umaskini ungekuwa kungoja.

Kwa nini jambo hili linahusu kaunti

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezipa kaunti majukumu kadhaa. Miongoni mwake ni uzoaji wa taka, vyuo vya ufundi vya mashinani, maktaba na shughuli za utamaduni. Ni nadra kitu kimoja kugusa yote hayo, lakini pakiti tupu inagusa.

Wazazi wenye watoto katika mtaala wa umilisi wanajua uzito wa kuambiwa jioni kwamba kesho mtoto apeleke vifaa vya somo la sanaa. Kuchapa ni sehemu ya sanaa wanayojifunza. Mwalimu anayejua ufundi huu anaweza kuomba pakiti moja iliyooshwa badala ya kifaa cha kununua. Maktaba inaweza kutenga kona ya kuonyesha chapa za wanafunzi. Chuo cha ufundi chenye darasa la uchomeleaji kinaweza kuunda mashine moja ya kubana, na mashine hiyo ikahudumia shule kadhaa kwa zamu.

Lakini ukweli usemwe wote. Uchapaji hautamaliza taka. Pakiti iliyochapwa mara 10 bado ni pakiti, na mwisho wake bado ni pipa. Wajibu wa kutenganisha taka zinazooza na zisizooza, uliowekwa na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, unabaki pale pale kwa kila nyumba. Faida ya ufundi huu ni nyingine: mtoto aliyefungua pakiti na kuona matabaka yake kwa macho anaelewa kwa nini haiozi, kuliko aliyesomewa hivyo darasani.

Pili, kadibodi haiziondolei taasisi jukumu la kununua vifaa. Pakiti hufungua mlango, lakini kijana mwenye kipaji atafika mahali atakapohitaji wino bora, karatasi bora na mashine ya kweli.

Tatu, si biashara ya haraka. Chapa zinaweza kuuzwa, na zina utaratibu wake unaolinda heshima ya mchapaji na ya mnunuzi. Chini ya picha, kwa penseli, upande wa kushoto huandikwa namba kama 3/10, maana yake ni chapa ya tatu kati ya 10 zilizotolewa. Kulia msanii hutia sahihi. Akishaandika 10, hachapi ya 11. Kijana anayejifunza kushika neno lake kwenye kipande cha karatasi amejifunza kitu ambacho soko lolote litakithamini.

Tahadhari

Wembe na msumari havichezewi. Watoto wadogo watumie kalamu ya wino iliyokwisha, ambayo hukandamiza utando bila kukata, na mtu mzima akae karibu. Mkono usioshika kifaa ukae nyuma ya ncha, kamwe usiwe mbele yake. Wino wa mafuta husafishwa kwa mafuta ya kupikia na matambara, kisha sabuni, na hapana haja ya mafuta ya taa wala petroli darasani. Pakiti zisichomwe moto baada ya kutumika, kwa sababu moshi wa plastiki hudhuru mapafu.

Mwisho

Anayetaka kuanza hahitaji kungoja semina. Achukue pakiti moja, aifungue yote, aioshe, kisha akae nayo kabla hajaikwaruza. Atazame mikunjo yake na kujiuliza umbo hilo linataka kuwa nini. Chapa ya kwanza itakuwa na madoa. Ya pili itakuwa na mstari mmoja au miwili iliyotoka sawasawa, na mstari huo utamwonyesha pa kuendelea. Walimu wanaweza kuanza na darasa moja na pakiti chache, wakahifadhi chapa zote, nzuri na mbaya, ili wanafunzi waone hatua walizopiga.